Chafya ya Nyuma ya Ukuta

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukikaribia kujaa, Belkasim fundi ujenzi aliumwa. Mwaka wa kwanza lilikuwa jino. Wa pili, mgongo. Wa tatu akasema ana kizunguzungu, na kwa kuwa hakujua mwenye kizunguzungu hufanya nini, akashinda siku tatu kaikumbatia nguzo ya mtende hata majirani wakadhani dari inataka kuanguka. Wa nne sikio, wa tano tumbo, na mwaka wa sita, magonjwa ya maana yakiwa yamemwishia, akasema kala tende mbaya. Tende mbaya! Hapa Siwa, penye mitende kuliko watu! Mkewe Mabruka alimtazama kutoka utosini mpaka nyayoni, akaenda zake kumchemshia dengu.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa na adabu zake. Ulibisha hodi asubuhi wanaume wanapopakia masufuria na mikeka kwenye mikokoteni ya punda kwenda mlima Dakrur kwenye Siyaha, ukaaga siku ya nne, wanaume waliporudi mashavu yamejaa na sauti zimewakauka kwa dhikri.

Siyaha si kitu cha kukosa. Siku tatu mji mzima uko pale chini ya mlima, wa mashariki na wa magharibi, mwenye mitende elfu na asiye na hata mmoja, bakuli moja watu wanane. Mkate unamegwa, unamwagiwa mchuzi, nyama inawekwa juu. Hakuna anayetia mkono mpaka mnadi aliyesimama juu ya jabali apaze sauti aseme bismillahi. Na kuna sharti moja tu: uliyegombana na mwenzako, patana naye kwanza, ndipo ule. Hakuna askari wa kulisimamia sharti hilo. Mtu anajijua, na Mungu anamjua.

Hapo ndipo Belkasim alipokwama. Mwingine angejitia hamnazo akala. Wako wa namna hiyo, nawafahamu kwa majina, leo nawastahi. Belkasim alikuwa na kasoro nyingi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake, lakini kumdanganya Mungu huku mdomo umejaa nyama hakuweza. Alikuwa hasemezani na binamu yake Kilani. Miaka tisa sasa.

Na binamu mwenyewe wala hakuwa mbali. Ua wa huyu umegusana na ua wa yule, katikati ukuta mmoja, ukuta uliojengwa na baba zao wawili, ndugu wa tumbo moja. Baba wa Belkasim aliitwa Masudi, wa Kilani Idrisa, mafundi wote wawili, na watoto wao wakawa mafundi.

Udongo wa kwetu ni chumvi. Unakatwa ufukweni mwa ziwa, mabonge mabonge yanayong'aa, unapangwa kwa tope lililokandwa kwa miguu, na ukikauka unashikana ukawa kitu kimoja kigumu ajabu. Tunauita karshif. Adui wake mvua, na mvua Siwa huja pale watu walipokwisha kuisahau. Sheria yake nayo ni moja: ukipandisha safu, iache ikauke siku tatu kabla hujaibebesha nyingine. Ukiuharakisha, utakulipa.

Belkasim aliupenda udongo huo mpaka watu wakamcheka. Kabla hajatia mguu kwenye tope alivua viatu, akasema bismillahi, akaingia polepole kama anayeingia msikitini. Kibarua akija na kandambili zake alimfukuza.

"Vua! Humo ndimo tulimotoka na humo ndimo tutakamorudi. Unataka kumkanyaga babu yako na kandambili?"

Sasa, ugomvi. Walikuwa wanamjengea mtu nyumba kule Aghurmi, Belkasim na Kilani, vibarua thelathini na punda sita. Kilani akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasema, "Binamu, hiyo kona yako imelewa."

Vibarua wakaangua kicheko. Ulikuwa mzaha tu. Kilani tangu utotoni ni mtu wa mzaha, angeweza kumtania maiti. Siku nyingine Belkasim angemrushia donge la tope mambo yakaisha. Siku hiyo alipandwa na hasira, akasema, na kila mtu akasikia:

"Afadhali kona yangu ilewe. Baba yangu mimi hakuuawa na ukuta aliojenga mwenyewe."

Kilani alijifuta tope mikononi, kidole kimoja kimoja, akaondoka.

Idrisa kweli aliuawa na ukuta, miaka mingi nyuma, na mji wote uliamini kuwa aliujenga vibaya. Jina lake la ufundi lilizikwa pamoja naye. Lakini Belkasim alijua neno ambalo hakuna mwingine duniani aliyelijua. Baba yake Masudi, alipokuwa anakata roho, alimshika mkono akamwambia, "Kona ile niliipandisha mimi. Safu ya chini ilikuwa bado mbichi. Nilikuwa nawahi Siyaha. Idrisa akaniambia ngoja, Masudi, ngoja. Sikungoja. Na aliyekuwa chini ni yeye."

Basi Kilani alipoitaja kona, bila kujua aligusa kidonda, na Belkasim akajibu kwa tusi ambalo juu ya kuwa tusi lilikuwa uongo. Huo ndio mzigo uliomlaza kitandani kila Oktoba. Kuomba radhi kwa tusi tu asingeshindwa. Angemeza kiburi chake, kingeshuka. Lakini kuomba radhi kwa tusi akauficha ukweli ni kuongeza uongo wa pili. Na kusema ukweli ni kumfedhehesha baba yake kaburini, baba aliyempenda kuliko watu wote. Kila akifungua mdomo, baba yake alisimama mbele yake. Akafunga mdomo, akaumwa.

Na kisha kulikuwa na chafya.

Kilani alikuwa mtu wa chafya. Vumbi la chumvi lilimkaa puani, na alfajiri na alasiri alipiga tatu mfululizo, chafya za kushtua kuku, halafu akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi!" Sasa mwislamu akipiga chafya akamshukuru Mungu, aliyemsikia anapaswa kumjibu, yarhamukallah, Mungu akurehemu. Ni haki ya mwenzako, hata mtoto wa madrasa anajua. Belkasim alisikia kila chafya. Alisikia kila alhamdulillahi. Akauuma ulimi. Swala tano hazikumpita, Ramadhani alifunga na siku sita za Shawali akaongeza, na mara mbili kwa siku alimnyima binamu yake neno moja la rehema. Ilimuuma, jamani. Ilimuuma kuliko jino, na jino lenyewe lilikuwa la uongo.

Siku za Siyaha tu ndipo ukuta uliponyamaza. Hakuna chafya, hakuna alhamdulillahi. Belkasim alilala pale na dengu zake akijisemea, Bwana yule yuko Dakrur anakula. Anakula! Ana kinyongo na mimi na mkono anatia bakulini, hana hata haya. Basi hasira ilimpa nguvu ya kukaa kimya mwaka mwingine.

Mwaka wa tisa lilikuwa goti.

"Baba," alisema Mukhtari, mwanawe mkubwa, akiwa tayari juu ya mkokoteni wa jirani, "mwaka jana pia lilikuwa goti."

"Mwaka jana la kushoto. Limehama."

"Limehama?"

"Nenda, Mukhtari. Utachelewa dhikri."

Wakaenda. Mji ukabaki wanawake, kuku na wagonjwa. Belkasim akala dengu zake, akajinyoosha kivulini uani. Adhuhuri ilipopita, kivuli kikaenea ua mzima. Akafumbua macho. Wingu. Wingu jeusi la mvua, Oktoba, Siwa!

Tone la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso. La pili kubwa zaidi. Halafu mbingu zikafunguka, na Mabruka akasikika juu ya paa akiburuta mikeka na kumwomba Mungu na mitume wote.

Belkasim aliruka. Goti halikutajwa tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa katikati akaweka kiganja. Fundi hausomi ukuta kwa macho. Ulikuwa laini kama mkate uliochovywa mchuzi, na ulikuwa unavimba, na chini, karibu na tanuru ya Mabruka, maji yalikuwa yakiingia kwa kasi asiyoielewa. Akahesabu kichwani. Umebakiza dakika moja, kama si nusu yake. Kheri yake, akawaza, upande wa pili hakuna mtu.

Na hapo hapo, upande wa pili, palepale nyuma ya kiganja chake, mtu akapiga chafya.

Moja. Mbili. Tatu. Kuku wakaruka.

Kilani yupo. Kilani kauegemea ukuta huu. Akamwona Idrisa, ami yake, miguu tu ikitokeza chini ya kifusi, kama alivyomwona alipokuwa kijana. Akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni:

"Kilaniii! Toka hapo! Wewe Kilani, mpumbavu wewe, tokaaa!"

Ukuta ukashuka. Haukuanguka kwa kishindo, uliketi tu, taratibu, kama ngamia anayepiga magoti, na pale palipokuwa na ukuta kukawa na lundo la tope na mvua inanyesha juu yake.

Kimya.

"Kilani?"

Belkasim alijitupa kwenye tope akaanza kuchimbua kwa kucha. "Ya Rabbi," alisema, "si yeye pia. Ya Rabbi, nitasema. Nitasema kila kitu. Mrudishe tu."

"Unatafuta nini nyumbani kwangu?"

Belkasim akainua kichwa. Kilani alikuwa amesimama katikati ya ua wake, fulana imemganda mwilini, bakuli mkononi, na kijiko bado kimo bakulini.

"Uko hai," alisema Belkasim.

"Niko hai na nimekasirika! Mtu hajanitaja jina miaka tisa, anaanza na mpumbavu! Nikainuka nije nikutukane vizuri, nimefika hapa, nyuma yangu puu!" Akageuka akalitazama lundo. Akalitazama mahali alipokuwa amekaa. Uso ukambadilika. "Nilikuwa nimekaa pale," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Nimesikia chafya."

Belkasim aliketi kwenye tope akaanza kulia, na katikati ya kulia akaanza kucheka, na hakujua tena lipi ni lipi. Mvua ikapungua. Kilani akavuta kigoda akaketi naye, upande wake, mpaka ukiwa lundo.

"Hukwenda Dakrur wewe?" Belkasim aliuliza, akijipangusa pua.

"Wewe je?"

"Goti."

"Mimi macho."

"Mwaka jana?"

"Figo. Wewe?"

"Goti lile lingine. Na mwaka ule wa upepo mkubwa?"

"Nilisema nimeota ndoto mbaya," alisema Kilani kwa aibu.

"Lakini siku za Siyaha sikuwahi kukusikia chafya hata moja!"

"Nilikuwa napigia ndani ya mto. Nisikike na wewe, useme siendi kwa sababu yako? Leo hii baridi ya mvua imenivizia."

Wakatazamana. Miaka tisa kila mmoja kalala upande wake akimlaani mwenziwe kwa kula nyama na kinyongo moyoni, na hapana aliyekula. Hata tonge!

Belkasim akalitupia jicho bakuli la Kilani. Dengu. Vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, kipande cha ndimu ya kuchachua juu. Akageuka akalitazama la kwake lililopinduka karibu na mkeka. Dengu, vitunguu vyeusi, ndimu ya kuchachua. Kisha akaliona tundu, au kilichosalia cha tundu: chini ya lundo, karibu na tanuru, fremu ndogo ya mbao za mzeituni, imetengenezwa vizuri, imelainishwa kwa matumizi ya miaka.

"Mabruka!"

Mabruka alikwisha kushuka paani, amesimama mlangoni, mikono imekunjwa. Upande wa pili Rahuma, mke wa Kilani, alikuwa amejifunika shuka lake lote likabaki jicho moja, na shuka lilikuwa linatetemeka.

"Abee, Baba Mukhtari."

"Hii nini?"

"Tundu."

"Naona ni tundu! La nini?"

"La bakuli."

"Kwa hiyo mlikuwa mkijua! Miaka yote mlijua kwamba huyu naye yuko nyumbani?"

"Ulinikataza nisimtaje mtu huyo ndani ya nyumba hii," alisema Mabruka, uso mkavu. "Mimi ni mke mtiifu."

Shuka la Rahuma likapasuka kwa kicheko. "Sufuria moja, shemeji! Wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja, tuwashie moto mara mbili kwa nini? Siku tatu kila Siyaha, miaka tisa, mnakula chungu kimoja!"

Basi tundu la wanawake ndilo lililouonjesha ukuta maji. Fundi mkubwa wa Siwa na binamu yake, na hawakujua kuna tundu katika ukuta wao wenyewe. Mimi ningehama mji.

Belkasim alisimama, tope linamchuruzika. "Kilani. Lile neno. Nisamehe."

Kicheko kikaisha. Kilani aliweka bakuli chini.

"Lile neno ulilisema mbele ya watu thelathini, Belkasim. Baba yangu alitukanwa mchana kweupe. Usiniletee radhi ya uani, mbele ya wanawake wawili na punda wako."

"Haki yako," alisema Belkasim. "Tena kuna zaidi ya hilo neno. Kesho twende Dakrur. Nitasema hapo."

"Na goti?"

"Limehama tena."

Asubuhi walipanda mkokoteni mmoja, unaovutwa na Basha, punda wa Belkasim. Hawakuwa wamepatana bado, kwa hiyo hawakusemezana, walisema na punda.

"Basha, mwambie aliyekaa nyuma asiegemee ubao ule, umeoza."

"Basha, mwambie bwana wako ubao uko salama, kilichooza anakijua."

Basha akaachia upepo, na kwa mara ya kwanza njiani wote wawili waligeuza nyuso ili wasionekane wakicheka.

Lakini kadiri mlima ulivyokaribia, Belkasim aliacha hata kusema na punda. Mchanga ulikuwa umelowa, mitende imeoshwa, kila kitu kinang'aa, mzeituni hadi mzeituni, na ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa, ambayo sisi huinusa mara moja kwa miaka kumi, ilikuwa imejaa kila mahali. Akainusa. Baba, alisema moyoni, uko humo. Idrisa naye yumo humo. Mmelala bega kwa bega na mimi ndiye ninayewatenganisha. Niwie radhi kwa nitakalosema.

Moshi wa masufuria ulionekana kwanza, kisha watu. Walipowaona mafundi wawili kwenye mkokoteni mmoja, minong'ono ikapita kama moto kwenye makuti. Mukhtari akaja mbio kumshika baba yake mkono. "Goti, Baba?" "Niache na goti."

Mabakuli yakapangwa. Watu wakaketi, duara kwa duara, mpaka macho yanapoishia. Juu ya jabali mnadi, Sheikh Habuni, akainua mkono, na ule ukimya wa kabla ya bismillahi ukashuka, ukimya ambao Belkasim hakuwa ameusikia miaka tisa. Akasimama.

"Kaa chini, Belkasim, nyama inapoa!" mtu akapiga kelele.

"Iache ipoe. Nilimtukana Kilani bin Idrisa mbele ya watu, wengi wenu mlikuwapo. Nilisema baba yake aliuawa na ukuta aliojenga mwenyewe. Ni uongo." "Kona ile aliijenga baba yangu, Masudi. Aliipandisha juu ya safu mbichi kwa sababu alikuwa anawahi kuja hapa, Siyaha, kukaa hapa mlipokaa. Idrisa alimwambia angoje. Baba yangu aliniambia haya kwa kinywa chake siku aliyokufa, na mimi nikayaficha. Idrisa alikuwa fundi kuliko sisi wote. Hakuna ukuta wake ulioanguka kwa kosa lake, hata mmoja. Nimesema."

Duara lake likasikia, likapasha duara la pili, la pili la tatu, mpaka maneno yakafika kwenye mwamba. Mukhtari na ndugu yake waliinamisha vichwa. Sheikh Habuni bado alikuwa ameinua mkono, hajasema lolote, anangoja kama wengine. Watu wote pale wana njaa, nyama iko mbele yao, na hakuna aliyeigusa.

Kilani alikuwa ametazama chini. Machozi yalimdondokea ndevuni.

"Ami Masudi alinilea miaka kumi baada ya baba kufa," alisema hatimaye. "Kila msimu tende za kwanza kabisa aliniletea mimi, kabla hujapata wewe. Nilidhani ni mapenzi tu."

"Yalikuwa mapenzi."

"Na jambo jingine."

"Na jambo jingine," alisema Belkasim.

Kilani akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Mungu awarehemu wote wawili," alisema.

"Amin," likasema duara.

Kisha akajisogeza, akamwachia Belkasim nafasi ya kuketi ubavuni kwake. "Ile kona yako ya Aghurmi. Nilipita juzi kuitazama."

"Na?"

"Imelewa. Lakini imesimama."

Watu wakapasuka kwa kicheko, vibarua wa zamani wakipigana mabega, na katikati ya kicheko hicho Sheikh Habuni akashusha mkono na bismillahi ikapigwa juu ya mlima. Kilani akachagua kipande cha nyama, kilichonona kuliko vyote, akakiweka mbele ya binamu yake. Belkasim alikula. Miaka tisa ya dengu, jamani! Alikula akilia, alikula akicheka, na hakumwonea mtu haya.

Siyaha ilipokwisha, ukuta. Walivua viatu, wakasema bismillahi, wakaingia kwenye lundo wote wawili, wakaukanda kwa miguu ule ule udongo uliokandwa na baba zao. Ndani ya bonge moja walikuta alama ya vidole vitano, mtu alikuwa ameubonyeza ungali mbichi. Walibishana asubuhi nzima ni vya Masudi au vya Idrisa, wakashindwa kujua, wakalirudisha bonge katika safu ya kwanza.

Kwa furaha waliyokuwa nayo wakawaambia wake zao, safari hii tunaweka mlango.

"Mlango!" alisema Mabruka. "Ili nyie mwingie na kutoka na matope yenu siku nzima? Tuwekeeni tundu letu."

"Kubwa kidogo," alisema Rahuma, "lipite na birika."

Wakapandisha safu, wakaiacha siku tatu. Wakapandisha nyingine, wakaiacha siku tatu. Hakuna aliyeharakisha. Safu za mwisho zilipita vichwa vyao, na kwa mara ya kwanza tangu mvua hawakuonana, kila mmoja akaketi upande wake kunywa chai.

Kilani akapiga chafya. Moja, mbili, tatu. "Alhamdulillahi!"

"Yarhamukallah!" alinguruma Belkasim, na kuku wakaruka tena.

Kisha sauti ya Kilani, haina mzaha: "Na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Za miaka tisa."

"Nilikuwa nakujibu moyoni."

"Sikusikia." Kilani akakohoa kidogo. "Kila nikimaliza nilikuwa nangoja, unajua. Kidogo tu. Kila mara. Muulize Rahuma."

Belkasim aliweka glasi chini. Akasogea mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya udongo, bado una unyevu, na akaanza.

"Yarhamukallah. Yarhamukallah. Yarhamukallah. Yarhamukallah..."

Alisema mpaka chai ikapoa, mpaka Mabruka akatoka jikoni na unga mikononi kutazama mumewe kapatwa na nini tena.

"Baba Mukhtari, vipi? Unaumwa?"

"Usinikatize, mama," alisema Belkasim, kiganja hakikubanduka ukutani. "Niko mwaka wa kwanza bado."